Jogoo Katika Ngao ya Taifa

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi ya kufika Nairobi, nenda ukatembee katika Soko la Toi, lililo pembeni mwa Kibera, karibu na Barabara ya Ngong. Humo utakuta nguo za mitumba zimetundikwa safu kwa safu, viatu vimepangwa chini, na wauzaji wakiwaita wateja kwa sauti kubwa. Ukinunua kitu na kurudishiwa chenji, usiitie sarafu mfukoni upesi. Igeuze kwanza uitazame. Ikiwa ni moja ya zile zilizotolewa mwaka wa 2018, upande mmoja utaona mnyama: twiga katika shilingi moja, kifaru katika shilingi tano, simba katika shilingi kumi, na ndovu katika shilingi ishirini. Upande wa pili utaona nembo ya taifa la Kenya. Picha hiyo ni ndogo, lakini habari zake si ndogo.

Huenda siku moja mwalimu wako atakupa kazi ya kubuni nembo ya nchi isiyokuwako duniani. Utadhani kazi hiyo ni nyepesi: mnyama mwenye nguvu, rangi za kupendeza, na neno tukufu chini yake. Lakini nembo haitimii kwa kuchorwa tu. Hapana budi watu wote wa nchi waweze kusema, "Hii ni yetu." Tuone jinsi jambo hilo lilivyokuwa katika Kenya.

Kwanza yafaa tujue asili ya desturi hii. Katika karne ya 12 mashujaa wa Ulaya walipigana wakiwa wamejifunika nyuso kwa kofia za chuma, hata ikawa vigumu kumtambua rafiki na adui. Kwa hiyo walichora alama juu ya ngao zao. Alama hizo zikawa mali ya ukoo, kisha za miji na falme. Na mwaka wa 1484 ikaanzishwa London ofisi ya kuzitunza, iitwayo College of Arms. Walakini usidhani kwamba Waafrika walikuwa hawajui elimu hii. Wamasai nao walichora juu ya ngao zao michoro iitwayo sirata, na mwenye kuijua aliweza kutambua rika na jamii ya shujaa aliyeishika. Watu wa nchi mbili zilizo mbali walipatwa na haja moja, wakaitimiza kwa njia moja.

Serikali ya kikoloni ilipotawala Kenya, alama ya koloni ilikuwa simba mwekundu. Simba alionekana katika fedha pia: shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka wa 1921, ilikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima, na upande wa pili palikuwa na kichwa cha mfalme wa Uingereza. Simba alikuwa wa Afrika, lakini aliwekwa kumtumikia bwana mwingine.

Mwaka wa 1963, Kenya ilipokuwa ikielekea kupata uhuru tarehe 12 Desemba, nembo mpya ilitengenezwa. Simba hakufukuzwa, ila alibadilishwa kazi. Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wakishika ngao na mikuki kama walinzi. Chini yao ni Mlima Kenya, na juu ya mlima huo ni mazao ya nchi: kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi. Itazame kahawa hiyo kwa makini. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alikatazwa kuilima. Ruhusa ilianza kutolewa kwa wachache katika miaka ya 1930, na ikapanuka baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Basi zao lililokuwa limekatazwa likachorwa chini ya miguu ya simba, liwe mali ya wote.

Sasa itazame ngao yenyewe. Rangi yake nyeusi ni ya watu wa nchi, nyekundu ni ya damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, na kijani ni ya ardhi. Katikati yupo jogoo mweupe ameshika shoka. Hapa ndipo penye swali zito. Jogoo alikuwa alama ya chama cha KANU, kilichoshinda uchaguzi wa Mei 1963. Hata rangi tatu hizo zilikuwa za bendera ya chama hicho. Yasemwa kwamba jogoo hutangaza mapambazuko, na hayo ni maneno mazuri, lakini mfuasi wa KADU, chama kilichoshindwa, angeweza kuuliza kwa haki, "Je, mapambazuko ni ya chama kimoja?" Jibu limo katika weupe. Rangi hiyo, ambayo haikuwamo katika rangi tatu za KANU, iliongezwa katika rangi za taifa kuwa alama ya amani. Mshindi aliiweka alama yake katikati, lakini alikubali kwamba ushindi peke yake hautoshi kujenga taifa.

Miaka ikapita, na historia ikalijibu swali lile kwa ukamilifu zaidi. Mwezi wa Desemba 2002 KANU ilishindwa katika uchaguzi, baada ya kutawala tangu uhuru. Serikali ikabadilika, jogoo akabaki. Katiba ya mwaka wa 2010 iliitaja nembo kuwa mojawapo ya alama za taifa, tena ikakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa katika fedha. Kwa sababu hiyo sarafu za mwaka wa 2018 hazina kichwa cha rais, bali nembo ingaliko. Jogoo wa chama amekuwa jogoo wa taifa, kwa kuwa watu walikaa naye hata wakasahau alikotoka.

Lakini limebaki neno moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Chini ya nembo upo utepe ulioandikwa Harambee, wito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jirani alimgeukia jirani, na Soko la Toi likateketea kwa moto. Fikiri, msomaji: katika majivu yale ilikuwamo fedha yenye neno Harambee. Nembo haikuzuia moto. Simba wa kuchorwa hawalindi soko, na shoka la kuchorwa halikati mti. Walioliinua soko lile tena ni wafanya biashara wenyewe, waliorudi wakajenga vibanda upya, wakauza na kununua tena.

Basi, siku utakayoishika kalamu kubuni nembo ya nchi yako ya kufikirika, jiulize maswali matatu. Je, yupo mtu wa nchi hii atakayeitazama asijione? Je, aliyeshindwa amewekewa nafasi? Je, neno nitakaloliandika chini, wenyeji wako tayari kulitenda? Nembo ni ahadi. Mchoraji huiandika mara moja, bali wananchi hawana budi kuilipa kila siku, kama vile sarafu ile ya Toi inavyotoka mkono hata mkono.