Kunyamaza na Kunyamazishwa

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kumsikia mwalimu akiingia darasani penye makelele na kutamka neno moja tu la Kiingereza: "Silence!" Mara hiyo madawati huacha kugongwa na vinywa hufumbwa. Neno hilo umelizoea tangu shule ya msingi. Walakini maneno ya kimya katika lugha ya Kiingereza ni mengi, na kila moja lina nasaba yake na kazi yake. Ukiyafuata nyuma, yatakufikisha mahali usipopatazamia, yaani mbele ya hakimu.

Waingereza wa kale walikuwa na neno ambalo leo ni "still". Katika mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaishinda Uingereza, na lugha yao, iliyozaliwa na Kilatini, ikawa lugha ya watawala na ya mahakama. Kwa njia hiyo yaliingia maneno "silence", "quiet" na "mute". Mengine hayakutoka ng'ambo bali yalitoka kinywani mwenyewe: "mum" ni sauti ya mtu aliyefumba midomo, na "hush" ni sauti ya pumzi ipitayo menoni, kama vile mama wa kwetu anavyomwambia mtoto "shii".

Maneno haya hayatumiwi ovyo. "Hush" humfaa mtoto anayelia. "Still" hufaa maji yaliyo shwari. "Quiet" ni utulivu wa mtu au wa mahali, na "silence" ni kimya kitupu. "Mute" ni asiyesema, ama kwa kuwa hawezi, ama kwa kuwa hataki. Siku hizi si adabu kumwita hivyo mtu asiyejaliwa kusema. Lakini zamani neno hili lilikuwa na kazi ya kutisha katika sheria.

Hapo kale mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa Uingereza aliulizwa kama amekosa au hakukosa, na bila jibu lake kesi haikuweza kuendelea. Akinyamaza, watu walioapishwa waliamua kama kimya chake kilikuwa cha makusudi au kilitoka kwa Mungu. Kikiwa cha makusudi, adhabu yake ilikuwa kali. Sheria ya mwaka 1275 iliamuru afungwe katika gereza gumu. Baadaye desturi ikazidi ukatili: alilazwa chali, akawekewa mawe na vyuma kifuani, uzito ukiongezwa mpaka ajibu au afe. Wako waliochagua kufa. Maana aliyekufa bila kujibu hakuwa amehukumiwa, na mali yake haikuchukuliwa na mfalme bali iliwabakia watoto wake. Basi usidhani kila anyamazaye ni mwoga. Wengine walinyamaza kwa ajili ya wanao.

Tazama tena habari za John Lilburne, kijana wa London. Alishtakiwa kwa kuingiza vitabu visivyo na ruhusa kutoka Uholanzi, akapelekwa mbele ya mahakama iliyoitwa Star Chamber. Huko aliamriwa aape kwamba atajibu kweli kila atakaloulizwa, kabla ya kujua ataulizwa nini. Akakataa. Kwa hiyo, mwaka 1638, alichapwa mijeledi njiani kutoka gereza la Fleet hadi Westminster, kisha akatiwa katika ubao wa kubana shingo na mikono mbele ya umati. Hapo ndipo alipoanza kusema! Aliwahutubia watu juu ya dhuluma aliyotendewa, na wakubwa wakaamuru azibwe kinywa. Fikiri jambo hili, msomaji. Mtu yule yule aliadhibiwa kwa sababu hakutaka kusema, kisha akazibwa kinywa kwa sababu alisema. Katika mwaka 1641 Bunge liliivunja mahakama hiyo.

Kuziba kinywa kwa nguvu Waingereza hukuita "gag", na mtu aliyezuiwa kutoa maoni yake husemwa amekuwa "silenced". Angalia hapa tofauti ya lugha zetu. Kwa Kiingereza neno "silence" ni jina na tena ni kitendo, wala umbo lake halibadiliki. Ni lazima uitazame sentensi nzima ili umjue mtendaji. Kiswahili hakifichi. Husema kunyamaza, kunyamazisha, kunyamazishwa. Na silabi chache za mwisho hukuonyesha kama kuna mkono wa mtu mwingine juu ya kinywa.

Sheria ya Kiingereza ilichukua muda mrefu kuitambua tofauti hiyo. Adhabu ya mawe ilifutwa mwaka 1772, lakini aliyenyamaza kwa makusudi alihesabiwa kuwa amekosa. Katika mwaka 1827 jambo hili likageuzwa: asiyejibu ahesabiwe kuwa amekana mashtaka, na kesi iendelee. Hata neno "acquit", maana yake kumwachilia mshtakiwa asiye na hatia, ni la ukoo mmoja na "quiet". Aliyeachiliwa amerudishiwa utulivu wake.

Sheria hizo zilifika kwetu pamoja na ukoloni, lakini haki zake hazikufika kwa wote. Mwaka 1922 Harry Thuku, aliyewatetea Waafrika juu ya kodi na vipande, alikamatwa Nairobi, akahamishwa hadi Kismayu bila kufanyiwa kesi. Hakuulizwa kama amekosa au hakukosa. Huko ndiko kunyamazishwa kuliko wazi.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziweka haki hizo mbili katika kitabu kimoja. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki hiyo hiyo mahakamani. Haki hizi hazipingani. Mwenye kinywa ni yule yule, naye ndiye aamuaye akifungue lini na akifumbe lini.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo, unaposoma historia na kukuta kwamba watu fulani walikuwa kimya, usipite haraka. Uliza kwanza: je, walinyamaza, au walinyamazishwa? Nami nikiingia darasani na kuagiza kimya, yanipasa kujiuliza swali hilo hilo, kisha niwape wanafunzi wangu nafasi ya kusema.