Dadu na Kibao: Habari za Michezo Katika Kufundisha Maneno ya Kiingereza



Ni wachache waliolelewa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki wasioujua wito wa "Kitendawili!" na jibu lake "Tega!" Jioni, kazi zikiisha, watoto huketi na bibi yao, yeye hutega, nao hufumbua. Aliyeshindwa huambiwa, "Nipe mji," naye hutoa mji, ama Mombasa, ama Tabora, ama mwingine wowote, ndipo aambiwe jawabu. Mtoto huyo hafikiri hata kidogo kwamba yumo darasani. Lakini katika jioni moja amesikia majina ya wadudu, na ya miti, na ya vyombo vya nyumbani, wala hatayasahau upesi, kwa kuwa aliyatafuta mwenyewe, tena alitoa mji kwa ajili yake.

Hotuba yetu ni juu ya jambo hilo hilo katika kufundisha Kiingereza. Walimu wa lugha hiyo wametumia michezo tangu zamani, mizuri na mibaya, na mmoja katika hiyo mibaya ulifika mpaka huku kwetu.

Mwaka wa 1693 mtaalamu mmoja Mwingereza, jina lake John Locke, alitoa kitabu juu ya malezi ya watoto. Siku zile fimbo ilikuwa chombo cha kila siku cha shule. Locke alisema kwamba mtoto anayepigwa kwa ajili ya kitabu atakichukia kitabu, na kwamba yafaa kusoma kuwe kwake kama mchezo. Naye akatoa mfano. Alimjua bwana mmoja mkubwa aliyetwaa dadu nne. Juu ya dadu moja alibandika vokali sita, maana walihesabu na Y pia. Na juu ya zile tatu nyingine alibandika konsonanti kumi na nane, sita kwa kila dadu. Jumla ni herufi 24, kwa sababu zamani zile I na J zilihesabiwa herufi moja, na U na V vivyo hivyo. Watoto wake walizitupa dadu zote mara moja, na aliyepata maneno mengi kuliko wenziwe ndiye mshindi. Mwanawe mkubwa alijua kuendeleza maneno angali akivaa gauni (maana wavulana wadogo wa Uingereza walivikwa gauni siku hizo), wala hakukaripiwa hata mara moja.

Locke aliongeza shauri moja ambalo naliona kuwa la busara sana. Mchezo ukiisha, alisema, chombo chake kiwekwe mahali mtoto asipofikia, ili asikizoee akakichoka. Mwalimu anayecheza mchezo ule ule kila siku mwezi mzima na aliangalie shauri hilo.

Lakini watoto wale wa dadu walikuwa Waingereza. Maneno walikwisha kuwa nayo vinywani. Walipungukiwa na herufi tu. Mtoto ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake ana kazi nyingine, tena kubwa zaidi, na ili kuona alivyofundishwa hatuna haja ya kwenda mbali na Uingereza. Upande wake wa magharibi iko nchi ya Wales, na watu wake, Wawelisi, wana lugha yao wenyewe isiyofanana kabisa na Kiingereza. Katika karne ya 19 vilikuwako vijiji vingi huko ambamo mtoto hakusikia Kiingereza mpaka siku aliyoingia shule. Wazazi walitaka sana watoto wao wakijue, kwa ajili ya kazi na biashara. Basi baadhi ya walimu wakatumia kibao.

Kibao hicho kilikuwa kipande kidogo cha mti chenye uzi, na mara nyingi kiliandikwa herufi W na N, yaani alama ya kukataza Kiwelisi. Asubuhi, mtoto wa kwanza kusikiwa akisema lugha ya mama yake alivikwa shingoni. Akimsikia mwenziwe akisema Kiwelisi, alimvika yeye. Kibao kikazunguka hivyo mchana kutwa, na aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyepigwa. Wala haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa desturi ya walimu wenyewe, na wazazi wengine waliikubali.

Ukitazama vema utaona kwamba huo nao ni mchezo. Una chombo chake, una zamu, una mshinde. Kasoro yake ni kwamba hakuna neno hata moja la Kiingereza ndani yake. Mtoto hapati faida kwa kulijua jina la kijiko au la mlango. Apata faida kwa kumnasa mwenziwe. Na njia iliyo salama kuliko zote ni kunyamaza.

Mwaka wa 1847 serikali ya Uingereza ilitoa taarifa kubwa juu ya shule za Wales. Wale walioiandika hawakuwa rafiki wa Kiwelisi. Waliisema vibaya lugha ile na watu wake, hata Wawelisi wakaiita taarifa hiyo usaliti. Hata hivyo mmoja wao aliandika kwamba kibao kile chadhuru: watoto huenda kwa siri kwenye nyumba za wenzao, wapate kuwanasa wanaosema Kiwelisi na wazazi wao, na kuwahamishia adhabu. Tena taarifa iyo hiyo yasimulia habari za watoto waliosoma Kiingereza kwa sauti, neno kwa neno, pasipo kufahamu maana yake. Kibao kilikuwa kimeshinda, na Kiingereza hakikupatikana.

Yuko mmoja aliyevikwa kibao hicho mara nyingi sana, jina lake Owen M. Edwards, aliyezaliwa mwaka wa 1858. Baadaye aliandika kwamba hakuweza kuwavizia wenziwe, basi jioni kilikuwa shingoni mwake. Mwaka wa 1907 alifanywa mkaguzi mkuu wa shule za Wales, akazihimiza zifundishe Kiwelisi.

Wasomaji wa Kenya labda wamekwisha kutabasamu, tena kwa uchungu, maana mchezo huu wanaujua. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, alieleza jinsi ilivyokuwa shuleni kwake baada ya kutangazwa hali ya hatari mwaka wa 1952. Mtoto mmoja alipewa kifungo, naye alimpa yeyote aliyemsikia akisema lugha ya mama, na huyo akampa mwingine. Jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, na yule akamtaja aliyemtangulia, hata wote wakajulikana, wakaadhibiwa. Shule nyingine baadaye ziliendelea na desturi hiyo kwa vyombo vya namna nyingine. Palipo na bahari kubwa kati ya Wales na Limuru, shauri lilikuwa moja.

Mbona basi wengine walifaulu? Tumtazame Harold Palmer, Mwingereza aliyeitwa Japani mwaka wa 1922 kuishauri Wizara ya Elimu. Wanafunzi wa Kijapani walijua kufasiri vitabu vya Kiingereza, lakini wengi hawakuweza kusema. Mwaka wa 1925 Palmer, pamoja na binti yake Dorothée, alitoa kitabu cha kufundisha kwa vitendo. Mwalimu husema kwa Kiingereza, "Simama! Nenda mlangoni! Fungua dirisha!" na mwanafunzi hutenda. Hujibu kwanza kwa miguu na mikono, na kwa kinywa baadaye. Asiyefahamu huonekana mara moja, kwa kuwa amekwenda dirishani badala ya mlangoni. Darasa lacheka, naye acheka, na kosa lake limekwisha sahihishwa pasipo kiboko.

Mchezo mwingine watoka katika hadithi. Mwaka wa 1901 Rudyard Kipling alitoa kitabu juu ya mvulana wa India aitwaye Kim, ambaye alionyeshwa vito juu ya sinia, kisha sinia ikafunikwa, akaambiwa ataje alivyoviona. Akashindwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, aliutwaa mchezo huo mwaka wa 1908 kwa ajili ya maskauti wake, na walimu wa Kiingereza wakautwaa baada yake. Hauna gharama. Weka juu ya sinia ufunguo, kijiko, msumari, sindano, yai, kipande cha sabuni, na vingine, visizidi kumi na vitano kwanza. Vitaje kwa Kiingereza kimoja kimoja. Wape watoto dakika moja watazame, kisha funika kwa kitambaa. Mtoto akikumbuka kile kitu cha chuma chenye kichwa, na jina lake halimjii, hulitamani neno lile kama mwenye kiu. Mwenziwe alitajapo, halimtoki tena.

Lakini yako mashindano mengine yenye sifa kubwa ambayo yafaa kuangaliwa. Marekani wanayo mashindano ya kuendeleza maneno, na yale ya nchi nzima yalianza mwaka wa 1925. Mshindi wa kwanza, Frank Neuhauser wa Kentucky, aliendeleza jina la ua moja, "gladiolus". Ni mchezo wa heshima. Ila darasani una hitilafu. Anayekosa kwanza huketi kwanza, na huyo ndiye mwenye haja ya kujifunza kuliko wote. Saa nzima akaa akiwatazama wenye akili nyepesi.

Kwa hiyo katika mchezo wa sinia asitolewe mtu. Aliyekumbuka maneno machache na apewe kazi ya kuipanga sinia ya pili: achague vitu mwenyewe, na kabla ya kukiweka kila kimoja akitaje kwa Kiingereza, darasa zima likimsikiliza.