Pedali za usukani na breki katika ndege ndogo

Pedali hizi ni jozi ya vikanyagio vilivyo miguuni pa rubani. Zikisukumwa, hugeuza usukani wa mkiani; sehemu yake ya juu ikikanyagwa kwa vidole, hufunga breki za magurudumu. Ili miguu izifikie vizuri, katika Cessna 172 kinachosogezwa ni kiti, juu ya reli zake. Pini ya kukifunga kiti isipozama sawasawa kwenye tundu la reli, kiti chaweza kuteleza nyuma ndege ikipaa, na hapo rubani hana mguu wala mkono unaofika. Diamond DA40 imegeuza mambo: kiti kimetulia, pedali ndizo husogea. Kipimo cha umbali unaofaa ni kukanyaga pedali moja hadi mwisho, goti likiwa bado limekunjika kidogo. Wakati wa kupaa visigino hukaa sakafuni, la sivyo breki hushikwa bila kukusudia. Marekebisho hufanywa kabla ya kuwasha injini.