Mafuta ya moteri yenye kuandikwa "Racing": yanafaa mutuka gani?

Katika butiki za vipuri, kuanzia Bunia na Butembo mpaka Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, unaweza kukuta bidoni za mafuta ya moteri zenye picha ya mutuka ya mashindano. Zingine zimeandikwa "Racing", zingine zina namba kubwa kama 10W-60, na bei yake iko juu kuliko za pembeni. Mwenye taxi ao mwenye moto anajiuliza: kama mafuta haya yanavumilia mbio za Ulaya, si yatalinda moteri yangu zaidi?

Swali ni la maana, sababu moteri ikikwama hasara haiishii kwenye chuma. Ni minervali ya watoto, ni deni ya mutuka yenye haijaisha kulipwa, ni kazi ya dereva na konvoyeri wake. Jibu kwa ufupi ni hili: mafuta yanachaguliwa kufuatana na namna moteri ilitengenezwa na kazi yenye inafanya. Picha na bei hazitoshi. Ili kuelewa sababu, tuanze kwenye sirkwi, mahali mafuta hayo yanakotafutwa sana.

Siku za watu wa kawaida kwenye sirkwi

Huko Ulaya, Marekani na Japani, kuna siku ambapo uwanja wa mashindano unafunguliwa kwa watu wa kawaida. Mtu anakuja na mutuka yake mwenyewe, analipa, anazunguka, kisha anarudi nayo nyumbani. Sirkwi yenye kujulikana sana kwa jambo hilo ni Nürburgring, Ujerumani. Njia yake ya kaskazini, Nordschleife, ilifunguliwa mwaka 1927. Mzunguko mmoja una kilometa karibu 20,8, kona nyingi, kupanda na kushuka.

Kwenye barabara ya kawaida, mafuta ndani ya moteri yenye joto yanakaa karibu na digri 90 mpaka 110. Kwenye sirkwi, mguu ukikandamiza muda wote, yanaweza kupita 120 ao 130. Hapo mambo 3 yanatokea pamoja.

La kwanza, mafuta yanakuwa mepesi. Ngozi ndogo ya mafuta yenye kutenganisha chuma na chuma inapungua. Ikikatika, vyuma vinagusana, na kusine zenye kubeba vilebrekeni zinaanza kulika.

La pili, kwenye kona kali mafuta yanakimbilia upande mmoja wa karteri, yaani sanduku la chini ya moteri. Pompi inaweza kuvuta hewa. Sekunde chache bila mafuta zinatosha kuharibu moteri. Ndiyo maana mituka mingine ya mbio inatengenezwa na tanki ya mafuta ya pembeni, ama karteri inawekwa vizuizi ndani.

La tatu, joto linazeesha mafuta haraka. Mtu wa sirkwi hahesabu kilometa kama sisi. Kuna wenye kufanya vidanje kila baada ya siku chache za kuzunguka, hata kama kilometa ni kidogo.

Namba 2 za kwenye bidoni zinasema nini?

Angalia bidoni yenye kuandikwa 5W-40. Namba hizo zinatoka kwenye kanuni ya SAE, shirika la wainjinia wa Marekani. Zinapima unene wa mafuta, yaani namna yanavyotiririka: haraka kama maji, ao polepole kama asali.

Unaijua tabia hiyo tayari jikoni. Mafuta ya mawese, asubuhi ya baridi huko Butembo ao Lubero, yanaganda. Ukiyaweka kwenye moto, yanatiririka. Mafuta ya moteri pia yanabadilika kwa joto, ila yanatengenezwa ili yasibadilike sana.

Namba ya mbele, yenye W, inahusu baridi. W inatoka kwa neno la Kiingereza la majira ya baridi. Mafuta ya 5W yanapimwa kwenye baridi kali, digri 30 na 35 chini ya sifuri. Huku kwetu baridi ya namna hiyo hakuna. Lakini namba hiyo ikiwa ndogo, mafuta yanafika haraka juu ya moteri wakati wa kuwasha asubuhi, na hilo linasaidia kila mahali.

Namba ya nyuma inahusu joto, na inapimwa kwenye digri 100. Kundi la 30 linatakiwa kuwa na unene kati ya 9,3 na 12,5 kwa kipimo cha sentistoki. Kundi la 40 linaanza 12,5 mpaka 16,3. Kundi la 50 linafika karibu 21,9, na kundi la 60 linafika karibu 26,1. Mafuta ya 40 yakipanda mpaka digri 130, unene wake unaweza kushuka karibu na nusu. Ni pale watu wa sirkwi wanapotafuta namba kubwa.

Watengenezaji wenyewe hawakubaliani na namba moja

Kama namba kubwa ingekuwa dawa ya kila moteri ya mbio, wote wangeitumia. Tuangalie mifano.

BMW M3 ya kizazi cha E46, yenye moteri ya S54 bila turbo, inazunguka mpaka karibu mara 8.000 kwa dakika. Kwa hiyo, BMW iliagiza 10W-60. Porsche, kwa mituka mingi ya 911, inaagiza 0W-40 ao 5W-40. Na M3 yenye kutoka mwaka 2014, yenye turbo 2 na nguvu kupita ile ya zamani, BMW ilirudi kwenye mafuta mepesi ya kundi la 30.

Nafasi kati ya chuma na chuma haifanani katika moteri zote. Moteri yenye nafasi kubwa inataka mafuta mazito ili shinikizo isianguke. Moteri yenye nafasi ndogo inataka mafuta mepesi yenye kupita haraka, kwani mafuta yenye kupita ndiyo yanabeba joto. Ukiweka 10W-60 katika moteri yenye kutaka 5W-30, asubuhi yanachelewa kufika juu, pompi inafanya kazi nguvu, moteri inakula esansi zaidi. Mwenye mutuka ya mbio pia anaanza na kitabu cha mtengenezaji. Baadaye ndipo anaangalia joto la kweli kwenye kipimo na kuuliza kama anaweza kupanda namba moja.

Mafuta ya mashindano ya kweli

Mafuta na mbio ni hadithi ya zamani. Jina Castrol, la mwaka 1909, linatoka kwa mafuta ya mbariki, ule mmea wenye kuota hata pembeni ya mashamba yetu. Mafuta yake yalishika chuma vizuri wakati wa joto, na moteri za mbio na za ndege za wakati ule ziliyapenda. Shida yake: yalikuwa yanaacha utomvu wa kunata, na moteri ilitakiwa kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara.

Tofauti hiyo iko mpaka leo. Mafuta yenye kutengenezwa kwa mashindano peke yake yanaweza kuwa na dawa nyingi ya zinki na fosforo ya kulinda chuma, lakini dawa kidogo ya kusafisha. Timu ya mashindano inayamwaga baada ya mbio moja ao chache, basi haihitaji mafuta yenye kubeba uchafu miezi mingi. Taxi yenye kutembea kilometa 5.000 kabla ya vidanje inahitaji kabisa dawa ile ya kusafisha. Fosforo nyingi pia inaharibu katalizeri, kile chombo cha kusafisha moshi kwenye eshapema.

Tena, neno "Racing" kwenye bidoni si kibali cha kiufundi. Wakati mwingine ndani kuna mafuta ya kawaida mazuri, wakati mwingine mafuta ya mashindano ya kweli. Lenye kujibu ni maandishi madogo ya nyuma.

Huku kwetu: milima ni sirkwi ya polepole

Mtu atasema: sisi hatukimbii. Ni kweli, lakini moteri zetu zinapata joto kwa njia ingine. Chukua mutuka yenye kubeba mizigo, kutoka Kamanyola kupanda Ngomo kuelekea Bukavu. Inapanda kwa vitesi vya chini, moteri inalia, na mwendo ni mdogo. Upepo wenye kupita kwenye radiateri ni kidogo. Mafuta yanapanda joto hata kama kipimo cha mwendo kinaonyesha 20. Na kwenye mulima mkali mutuka inainama: kama mafuta yako chini ya kiwango, pompi inaweza kuvuta hewa, sawa na kwenye kona ya Nürburgring.

Basi masomo ya sirkwi yanatufaa, ila bidoni yake si lazima. Tuone aina 3 za moteri zenye kutumika sana.

Toyota ndogo za esansi kama Probox, Vitz ao IST, zenye moteri ya 1NZ, zinachukua karibu litre 3,7 pamoja na filtri. Mafuta ya kwanza ya kitabu ni 5W-30. Kwa moteri yenye imetembea sana na inafanya kazi ya mulima kwenye joto, 5W-40 ao 10W-40 inaweza kufaa, lakini uliza fundi mwenye kuijua. Kama moteri inakula mafuta, unene utapunguza kidogo tu. Hautatengeneza segmenti zenye zimelika.

Mituka ya mazutu kama Land Cruiser yenye moteri ya 1HZ mara nyingi inatumia 15W-40. Hapo angalia herufi za API: zenye kuanza na S ni za esansi, zenye kuanza na C ni za mazutu. CI-4, kwa mfano, ilitengenezwa kwa kazi nguvu ya mazutu. Bidoni zingine zina zote 2. Mazutu yenye salfa nyingi inazaa asidi ndani ya mafuta, basi usichelewe vidanje. Na mafuta ya mazutu yakikuwa meusi haraka, usiogope: yanabeba masizi, ndiyo kazi yake.

Moto iko na jambo lake. Katika moto nyingi, mafuta yale yale yanalinda moteri, bwati ya vitesi na embreyaji. Mafuta mepesi ya mituka ya kisasa yana dawa za kupunguza msuguano, na embreyaji inaanza kuteleza kwenye mulima na abiria 2 nyuma. Tafuta maandishi JASO MA ao MA2, na namba ya kitabu, mara nyingi 20W-50 ao 10W-40. Sababu mafuta ni karibu litre moja tu, yanachoka upesi.

Kabla ya kulipa, na kisha kulipa

Soma kwanza kitabu cha mutuka ama maandishi kwenye kifuniko cha mafuta. Kisha linganisha namba ya SAE na herufi za API, ACEA ao JASO nyuma ya bidoni. Bidoni isiyo na herufi hizo, hata kama picha ni nzuri, iache.

Angalia kifuniko. Pete yake ya usalama isiwe imekatwa, na karatasi ya ndani isiwe imebandikwa upya. Mafuta ya kuigiza yanapita kwenye bidoni za zamani. Ndiyo maana fundi mwenye akili anatoboa bidoni tupu mbele ya mteja. Ukinunua kwa litre kutoka pipa, nunua kwa mtu unayemjua na uone pipa lenyewe.

Badilisha filtri pamoja na mafuta. Filtri ya zamani inachafua mafuta mapya tangu siku ya kwanza.

Pima joji mutuka ikiwa kwenye fasi sawa, moteri imezimwa dakika chache. Kiwango kikae kati ya alama 2, karibu na ya juu kama unapanda milima. Usipitishe: mafuta yakizidi, vilebrekeni inayapiga na kuyafanya povu, na povu hailindi chuma.

Lampi nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, zima moteri palepale. Usiseme "nifike kwanza kwa garaji." Kama joji iko chini na umepata mafuta ya aina ingine tu, ongeza hayo, halafu fanya vidanje ukifika. Mafuta ya kuchanganya ni afadhali kuliko kutembea bila mafuta.

Ukifanya kazi ya mulima na mizigo kila siku, fupisha muda wa vidanje. Watu wa sirkwi wanafanya vile vile. Kwa bei ya bidoni moja ya "Racing", mara nyingi unaweza kukaribia vidanje 2 za mafuta yenye kitabu kinataka, na moteri itapata faida zaidi.

Mafuta yenye kutoka, usiyamwage kwenye mufereji wala kando ya ziwa. Yaweke kwenye bidoni na uyarudishe kwa garaji yenye kuyakusanya. Maji ya Kivu na ya Tanganyika ni maji yenye watu wanachota.