Asili ya Soko la Noeli

Wageni wanaokwenda Ulaya mwezi wa Desemba huonyeshwa masoko ya Noeli: vibanda vya mbao, taa nyingi, mikate mitamu na sanamu za Pango la Betlehemu. Wengine hudhani masoko hayo yalizaliwa na tamaa ya fedha tu. Tutazame asili yake.

Katika mji wa Dresden, Ujerumani, mtawala Friedrich II alitoa ruhusa mwaka 1434 lifanyike soko la siku moja karibu na Noeli. Zamani zile Wakristu walifunga wakati wa Majilio, wakijinyima nyama na siagi. Sikukuu ilipokaribia, walikwenda sokoni kutafuta nyama ya kufungulia. Hata mkate wao wa Noeli waliuoka kwa mafuta ya mbegu, mpaka Papa Innocent VIII alipowaruhusu siagi mwaka 1491.

Soko hilo lingali lipo. Lakini siku ile moja imekuwa majuma manne. Soko limekalia mahali pa Majilio yenyewe.

Na sisi wa Lubumbashi je? Desemba, katikati ya mvua, soko la mtaa wa Kenya hujaa wazazi wanaotafuta mchele, kuku na nguo za watoto. Si vibaya, sikukuu yataka furaha. Ila wale wa kale walijinyima kwanza, ndipo wakanunua. Basi, kabla hatujakopa kwa ajili ya nguo mpya, tumtazame jirani asiye na unga wa bukari.