Gari la Otomatiki Halipandi Gia? Jua Kwanza ni la Zama Gani

Leo naweka mambo ya mbegu na mbolea pembeni. Mazao yameiva, magulio yameanza, na wengi wenu mnategemea Land Cruiser, Discovery au Jeep iliyokwisha kula miaka thelathini. Gari linawaka vizuri, linaondoka, lakini linanguruma tu kwenye gia ya kwanza. Fundi anakwambia gia boksi imekufa, tafuta nyingine. Kabla hujauza magunia kumi kwa bei ya hasara, jua gia boksi yako ni ya zama gani. Ugonjwa wa zama moja hautafutwi mahali pamoja na ugonjwa wa zama nyingine.

Mwaka 1939 General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, iliyofungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya 1940. Hiyo ndiyo gia boksi ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliingia hata kwenye vifaru vya M5 Stuart, kwa hiyo anayesema otomatiki ni ya lami tu hajui ilikotoka.

Haikuwa na kompyuta. Sasa ilijuaje wakati wa kupanda gia? Ilitumia presha ya oili. Ndani kuna gavana, yaani vyuma vidogo vizito vinavyozungushwa na shafti. Gari likiongeza mwendo vinatanuka na presha inapanda. Upande wa pili kuna presha inayofuata pedali ya mafuta. Presha hizi mbili zinasukumana kwenye vali. Ya mwendo ikishinda, gia inapanda. Ndiyo maana ukikanyaga sana mlimani gia huchelewa kupanda.

Akili hiyo ya oili iliishi muda mrefu sana. ZF 4HP22 ya Ujerumani, iliyoingia kwenye Range Rover mwaka 1985 na baadaye Discovery, inafanya hivyo hivyo. A440F ya Land Cruiser nyingi za 60 na baadhi ya 80 za mwanzo nayo ni hivyo. Hiyo ni ya Aisin-Warner ya Japani, iliyoanzishwa 1969 kwa ubia na BorgWarner ya Marekani.

Katika hizo, habari za pedali hufika kwenye gia boksi kwa kebo. Kebo hiyo ndiyo ninayotaka uitazame. Vumbi linaila, na fundi aliyebadilisha injini anaweza kuiacha inaning'inia. Ikikazwa mno, gia inachelewa na injini inalia. Ikilegea, gia inapanda mapema, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Kama kebo ni nzima na gari bado halitoki gia ya kwanza, mshuku gavana aliyeganda kwa uchafu.

Zama za pili ni za umeme. Jeep Cherokee ya kuanzia 1987 yenye gia boksi ya AW4, pia kazi ya Aisin-Warner, inaamuliwa na kompyuta inayofungua solenoidi. Hapa kuna kipimo kisicho na gharama. Zima gari, chomoa soketi ya kompyuta ya gia boksi, kisha endesha ukibadilisha kwa mkono: mkao wa 1-2 utakupa gia ya kwanza, 3 itakupa ya tatu, D itakupa ya nne. Ukizipata zote, gia boksi iko hai. Tafuta waya, sensa ya mwendo au sensa ya pedali. Usipozipata, shida iko ndani.

Zama zote mbili zinaanzia kwenye oili. Ipime gari likiwa tambarare, limepata moto na injini ikiwaka, si ikiwa imezimwa kama mnavyopima ya injini. Ikipungua, presha haitoshi na gia hazishiki. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimekwisha, na hapo fundi wako ana haki. Ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta, kwa sababu magari mengi hupoza oili humo humo. Usiliendeshe tena hilo, hata hadi gulioni. Rejeta ibadilishwe kwanza, ndipo usafishe gia boksi na kumimina oili mpya.