Njia ya Mafundi wa Deir el-Medina

Mwenye kufika Luxor, nchini Misri, hutaka kwanza kuyaona makaburi ya Mafarao. Ni vema ayaone. Lakini upande wa magharibi wa Mto Nili kuna njia nyembamba ya mlimani inayofundisha zaidi. Anayeamka alfajiri aweza kuipita kwa miguu na kurudi kabla jua halijachwa.

Njia hiyo yaanzia Deir el-Medina, kijiji kilichozungushiwa ukuta, mahali pasipo maji. Jina lake ni la Kiarabu, nalo lakumbuka monasteri, kwa maana Wakristo wa Misri walikuja kuligeuza hekalu la hapo kuwa kanisa. Zamani zaidi, kwa muda wa miaka 400 hivi, waliishi humo wachonga mawe, wachoraji na makarani wa makaburi ya wafalme, pamoja na jamaa zao. Maji waliletewa na wachukuzi. Mshahara wao ulikuwa ngano na shayiri, kwani sarafu hazikuwapo.

Ubavuni mwa mlima yapo makaburi yao wenyewe. Katika kaburi la fundi Sennedjem, lililofunguliwa mwaka 1886, amechorwa akivuna pamoja na mkewe Iyneferti katika mashamba ya maisha yajayo.

Toka hapo njia yapanda. Juu pana mabaki ya vibanda vya mawe ambamo mafundi walilala siku za kazi: nane za kazi, mbili za mapumziko. Kisha yashuka hadi Bonde la Wafalme, penye makaburi zaidi ya 60 yaliyochimbwa katika mwamba. Ndani mlikuwa na giza. Makarani walihesabu tambi za taa na kupima uzito wa patasi za shaba, kisipotee kitu.

Hesabu ya vyombo ilikuwa kamili, lakini ya chakula haikuwa hivyo. Karibu na mwaka 1157 K.K., katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, nafaka ilichelewa. Mafundi waliacha kazi, wakashuka hadi ukingo wa mashamba, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose III. Walisema wameletwa na njaa na kiu. Hawakuwa na nguo, mafuta, samaki wala mboga. Wakaomba Farao na waziri wake wapelekewe habari. Baadaye waliingia katika hekalu la Ramses II, hata wakapewa nafaka ya mwezi uliopita. Malipo yalipochelewa tena, waliacha kazi tena. Katika migomo yote ambayo habari zake zimetufikia, huo ndio wa kale kuliko yote.

Mwendo mfupi kutoka hapo lasimama hekalu la Ramses III, Medinet Habu. Kuta zake zaonyesha vita alivyoshinda. Njaa ya mafundi twaijua kwa njia nyingine: karani aliiandika kwenye papiro, ambayo leo yahifadhiwa Torino, Italia.

Parokia zetu nazo zina makanisa ya kale. Ni akina nani waliochoma matofali yake, nao walilipwa nini? Waulizeni wazee wangali hai, mkaandike majina.